Rufaa ya Sikudhani Dhidi ya Jambo Lililo Wazi

Ipo nchi moja ambayo jina lake siliandiki hapa, maana kuliandika kunahitaji kibali chenye mihuri mitatu na mimi nimepata miwili tu. Mwenye mhuri wa tatu yuko likizo tangu mwaka juzi. Itoshe kusema kwamba ni nchi nzuri, yenye amani kupita mahitaji, na katika kila njia panda kumesimamishwa kioo kikubwa cha umeme chenye sura ya Kiongozi wetu, Baba Mwangaza, ili raia akipotea njia angalau asipotee msimamo.

Mimi ni karani wa kumbukumbu katika Mahakama ya Rufaa ya Mambo Yaliyofikiriwa. Kazi yangu ni kuchapa yanayosemwa, na nikishayachapa ndiyo yaliyosemwa. Nina miaka kumi na tisa kazini na sijawahi kukutwa na kosa, kwa kuwa anayekagua kumbukumbu zangu ni mimi. Nasimulia haya kwa nia njema, ili wageni waache kutuonea wivu kwa kubahatisha na watuonee kwa ushahidi.

Kabla sijaenda mbali, kuna jambo dogo la kiofisi. Ulipotoka Waraka Namba Arobaini, tuliarifiwa kwamba herufi kubwa ni heshima, na heshima haigawiwi ovyo. Tangu siku hiyo, katika mashine zote za serikali, herufi kubwa zimetengwa kwa ajili ya maneno mawili tu: Baba Mwangaza. Sisi wengine wote, majaji, milima, mito na siku za wiki, tunaandikwa kwa herufi ndogo. Hapa naandika kwa kalamu yangu, nyumbani kwangu, kwa hiyo najiachia kidogo. Mtu asishtuke akiona Jumatatu.

*

Vioo vya Taifa vilikuwa na maradhi. Asubuhi sura ya Baba ilitoka vizuri, yenye afya na upendo. Jua likipanda na umeme ukianza kuyumba, mashavu yaliingia ukijani, midomo ikawa ya buluu, paji la uso likaungua na kubaki jeupe. Kufikia saa nane mchana watoto wa chekechea walikuwa wanapitishwa njia ya nyuma.

Shirika la Vioo lilikuwa na tiba moja: kuongeza volti. Sura ikififia, ongeza. Ikigeuka kijani, ongeza. Fundi akiuliza kwa nini, naye aliongezwa, kwenye orodha ya wanaohamishiwa mpakani. Volti ziliunguza nukta za kioo, na nukta ikishaungua haiachii picha. Baba Mwangaza aliponyoa masharubu, vioo vilikataa kunyoa. Kwa miezi minane, raia waliomwona Baba ana kwa ana bila masharubu walishtakiwa kwa kumwona vibaya. Mwishowe Baba mwenyewe, kwa ajili ya umoja wa kitaifa, akayafuga tena.

Katika Shirika hilo alikuwapo fundi wa daraja la tatu aitwaye Bi Sikudhani Mapulu, mwanamke wa miaka arobaini na moja, mfupi, mkavu wa maneno, vidole vimejaa alama za kulehemu. Mama yake alimzaa akiwa amekwisha kata tamaa ya kupata mtoto. Mkunga alipomuuliza mtoto aitwe nani, mama alikuwa bado anashangaa, akasema, "Sikudhani." Ni jina la kawaida. Kwetu wapo wengi.

"Kioo hakitaki volti nyingi," Bi Sikudhani alikuwa akiwaambia wakubwa wake. "Kinataka inayokitosha. Ninyi mnakisukuma tu kama gari bovu, hakuna anayekiuliza kinataka nini."

Wakubwa hawakuwa na muda wa kuongea na vioo. Basi akafanya kazi peke yake, Jumamosi na Jumapili, kwa miaka saba, katika chumba cha uani. Alichotoka nacho kilienea ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kopo lilichagua nukta moja tu ya kioo, iliyo chini ya sikio la kushoto la Baba, likapima umeme uliofika pale baada ya kuzunguka waya zote, kisha likaiambia mashine ya umeme ipandishe au ishushe, papo hapo, kwa kadiri nukta ile ilivyopungukiwa au kuzidiwa. Nukta nyingine zote zilikaa sawa kwa kuifuata hiyo moja.

Alilifunga kopo katika kioo cha njia panda ya Soko la Kuku. Kwa siku kumi na moja, asubuhi hadi jioni, Baba alibaki na rangi aliyozaliwa nayo. Watu walisimama na mizigo yao wakitazama.

"Kumbe Baba ni mweusi," mzee mmoja alisema, kisha akaondoka haraka.

Siku ya kumi na mbili, Bi Sikudhani alipeleka ombi la hataza, yaani hati ya serikali inayotamka kwamba jambo fulani limebuniwa na mtu fulani. Fomu ya hataza ina kurasa thelathini na nne, na katika ukurasa wa mwisho kuna mstari mmoja ulioandikwa "mbunifu", na nafasi mbele yake. Aliutaka mstari huo. Miaka kumi nyuma alikuwa ameufufua ubao wa mabao wa uwanja wa mpira, na kibao cha shukrani kikaandikwa jina la ofisa aliyemshikia ngazi.

"Sitaki sherehe," alimwambia mpokea maombi. "Nataka jina langu likae pale, basi."

*

Majibu ya Idara ya Uvumbuzi yalikuja baada ya miezi mitano. Nayanakili kama yalivyochapwa:

"ombi lako limekataliwa. jambo unalodai kulibuni ni jambo lililo wazi. tangu zamani mpishi huonja kijiko kimoja cha mchuzi akajua hali ya sufuria nzima. tangu zamani mwenye taa ya chemni hupandisha na kushusha utambi kwa kadiri ya mwanga anaoutaka. mtu yeyote mwenye ujuzi wa kawaida, akimchukua mpishi na kumsogeza karibu na taa, atapata kopo lako. udumu mwanga wa Baba Mwangaza."

Sheria yetu, kifungu cha tisa, inasema kwamba jambo lililo wazi ni mali ya Taifa, na mali ya Taifa huandikwa jina la Baba. Kwa hiyo, wakati barua ile ikiwa njiani, Shirika lilikuwa limekwisha lichukua kopo kutoka Soko la Kuku, likatengeneza mengine mia nne, moja kwa kila kioo nchini, na kila moja likagongwa maneno "limebuniwa na Baba Mwangaza".

Bi Sikudhani alikwenda Idara kuuliza: kama jambo ni la wazi, Baba alilibuni vipi? Akajibiwa kwamba ukuu wa Baba ndio huo, hubuni hata yaliyo wazi. Akatoka pale moja kwa moja kuja kwetu kukata rufaa.

*

Shauri lilisikilizwa Jumatatu, mbele ya Mheshimiwa Jaji Kitwana Mbwele. Jaji Mbwele husikiliza mashauri akiwa amefumba macho ili asimpendelee mtu, na huyafumbua chai inapoingia. Upande wa serikali alisimama Wakili Msomi Zahoro Pembe. Upande wa mrufani alisimama mrufani mwenyewe, kwa sababu mawakili wote aliowaendea walikuwa wagonjwa, na mmoja aliugua akiwa anamtazama.

Ili kuokoa muda, mahakama yetu huuliza maswali mawili kwa pumzi moja.

"Mrufani, jina lako nani na jambo hili nani alilifikiria?" aliuliza Jaji.

"Sikudhani, Mheshimiwa," alijibu, na kwa maswali yote mawili jibu lilikuwa sahihi.

Nikachapa: "jaji: jambo hili nani alilifikiria? mrufani: sikudhani, mheshimiwa." Ya jina niliyaruka, maana jina lilikuwa tayari juu ya jalada. Naapa sikuona tatizo lolote.

Bi Sikudhani aliweka mezani kopo jingine alilolitengeneza mwenyewe, akafungua kifuniko ili aonyeshe yaliyomo. Wakili Pembe akaruka kama aliyekanyaga moto.

"Mheshimiwa, naomba ichapwe kwamba liko wazi! Mrufani mwenyewe kaliacha wazi, mbele ya mahakama!"

"Nimelifungua ili mlione," alisema Bi Sikudhani, akarudisha kifuniko.

"Na sasa naomba ichapwe kwamba anaificha mahakama!"

"Nifanye lipi basi?"

"Mrufani haulizi maswali," alisema Jaji bila kufumbua macho. Kopo lilibaki mezani kifuniko kikiwa nusu, na hali hiyo haikumridhisha mtu yeyote.

Ndipo akaitwa shahidi wa kwanza wa serikali. Sheria inasema jambo hupimwa kwa akili ya mtu mwenye ujuzi wa kawaida. Nasikia nchi nyingine humwazia tu mtu huyo. Sisi tumemwajiri. Ulifanyika mtihani wa taifa zima. Waliopata alama nyingi wakaachwa, waliopata chache wakaachwa, na aliyepata hamsini kamili akaapishwa kuwa Mjuzi wa Kawaida wa Taifa. Anaitwa Bwana Kadiri Wastani. Ana gari, dereva, na ofisi iliyo ghorofa ya katikati.

"Bwana Mjuzi," alianza Wakili Pembe, "ukilitazama kopo hili, unaonaje?"

"Hata mimi ningefikiria," alisema Bwana Wastani. Ndilo jibu lake. Amelitoa katika mashauri sitini na nane, yakiwemo ya chanjo ya kuku na daraja linalojikunja.

Bi Sikudhani akasimama kumhoji. "Bwana Wastani, umefanya kazi ya vioo miaka mingapi?"

"Sijaifanya. Ningeifanya ningepata ujuzi usio wa kawaida, nipoteze kazi."

"Kopo hili umeliona lini kwa mara ya kwanza?"

"Leo, asubuhi hii."

"Kabla ya leo uliwahi kulifikiria?"

"Hapana. Lakini ningelifikiria."

"Lini?"

"Wakati wowote."

"Vioo vina miaka kumi na minane vinageuka kijani mbele ya macho yako. Miaka yote hiyo ulikuwa wapi?"

Bwana Wastani alitafakari kwa uaminifu. "Ofisini," akasema.

Watu walicheka. Jaji akafumbua macho akidhani ni chai, akakuta si chai, akasema mahakama imeridhika na shahidi.

Shahidi wa pili alikuwa mpishi. Wakili Pembe, ambaye hapendi kutembea, alimchukua mpishi wa kantini yetu, Mama Nyamizi, naye mama akapanda kizimbani na aproni yake na mwiko mkononi.

"Mama, unapopika mchuzi, unaonja sufuria nzima?"

"Nikionja sufuria nzima, baba, wewe utakula nini?"

"Kwa hiyo unaonja kijiko kimoja."

"Kimoja. Siku ya pilau, viwili."

"Na nyumbani kwako ipo taa ya chemni?"

"Ipo. Nitafanyaje? Umeme wote si mmeupeleka kwenye sura?"

Hapo mashine yangu ilikwama kidogo, kwa hiyo jibu hilo halimo katika kumbukumbu.

"Basi, mama," wakili akaendelea kwa sauti ya asali, "una mchuzi, una taa. Wewe mwenyewe ungeweza kabisa kulibuni kopo hili."

Mama Nyamizi alimnyooshea mwiko. "Mwanangu, nimepika miaka thelathini na taa iko pale pale pembeni ya jiko, na halikunijia hata siku moja. Huyu dada ndiye kalijua. Muandikeni muishe, chakula kinaungua."

"Shahidi ni mnyenyekevu," alisema Wakili Pembe. "Naomba ichapwe kwamba amekiri."

Nikachapa: "shahidi amekiri." Sitaficha kwamba pale nilijisikia vibaya. Mama Nyamizi hunibakishia ukoko wa wali kila Ijumaa, na nilikuwa nimemfanya mwongo kwa maneno mawili.

*

Hukumu ilisomwa wiki iliyofuata. Sehemu yake kubwa ilihusu hekima ya Baba. Sehemu iliyomhusu mrufani ilikuwa fupi:

"mahakama imeridhika kwamba jambo hili ni la wazi kwa mpishi yeyote mwenye taa, na kwamba kila raia mwenye akili timamu anaweza kulifanya bila kufundishwa. zaidi ya hayo, mrufani mwenyewe, alipoulizwa mbele ya mahakama hii nani alilifikiria jambo hili, alijibu kwa kinywa chake: sikudhani, mheshimiwa. mahakama haiwezi kumpa mtu hati ya jambo ambalo anakiri hakulidhani. rufaa imetupwa."

Bi Sikudhani alisimama.

"Mheshimiwa, hilo ni jina langu!"

Jaji Mbwele alifumbua macho yote mawili. Akaichukua karatasi yangu, akaisogeza karibu na miwani.

"Mama, mimi nimesoma. Jina la mtu huanza kwa herufi kubwa. Hii hapa ni ndogo."

"Kwenye karatasi zenu majina yote ni madogo! Lenu pia ni dogo! Muulizeni karani!"

Ukumbi mzima uligeuka kunitazama. Yeye pia alinitazama, na hakunitazama kwa hasira, alinitazama kwa matumaini, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Neno moja langu lingetosha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa kazini, na miaka mitano tu kufikia kustaafu.

"Karani?" aliuliza Jaji.

"Kilichochapwa ndicho kilichosemwa, Mheshimiwa," nikasema, nikainamia mashine yangu na kuanza kuifuta vumbi.

Bi Sikudhani alichukua kopo lake akatoka. Kesho yake Shirika lilimfukuza kazi kwa kuipotezea sheria muda, akaweka meza barazani kwake akawa anatengeneza redio.

*

Kasoro moja ya mambo ya wazi ni kwamba lazima awepo anayeyajua. Nukta za kioo huzeeka. Katika kila kopo mlikuwa na skrubu ndogo ya kurekebishwa kila msimu unapobadilika, ili kopo liendane na umri wa kioo. Mvua zilipoanza, mafundi wa Shirika waliikuta skrubu hiyo, na kwa kuwa walijua tiba moja, wakaikaza kuelekea kuongeza.

Ndani ya wiki moja Baba aligeuka kijani asubuhi kweupe. Ndani ya wiki mbili masharubu yalianza kupanda, yakapita pua, yakafika kwenye nyusi. Sikukuu ya Sura ilikuwa imebaki mwezi mmoja, na Waziri wa Mwonekano akaanza kukonda.

Kwanza alimwagiza Bwana Wastani, aliyekuwa ameapa kwamba angefikiria. Bwana Wastani alipandishwa ngazi mbele ya wapiga picha, akachungulia ndani ya kopo kwa dakika arobaini, akashuka. Alisema kwamba angefikiria, ila si siku hiyo.

Mtu mmoja wizarani alithubutu kulitaja jina la Bi Sikudhani. Akanyamazishwa mara moja. Kama yeye anaweza na wengine hawawezi, basi jambo halikuwa la wazi. Na kama halikuwa la wazi, mahakama ilikosea. Na mahakama yetu haikosei, imo kwenye katiba. Hivyo ukatoka Waraka Namba Hamsini na Mbili. Kwa kuwa imehukumiwa kwamba jambo hili ni la wazi kwa mpishi yeyote mwenye taa, kila kioo kitakabidhiwa wapishi wawili na mwenye taa mmoja wa mtaa husika. Watakaoshindwa watahesabiwa kuwa wamekataa kwa makusudi, na watafungwa.

Watu elfu moja na mia mbili wakachukuliwa majikoni mwao. Kwa kioo kikubwa kuliko vyote, kile cha Uwanja wa Sura, aliteuliwa Mama Nyamizi, kwa heshima ya kukiri kwake.

Siku ya pili yake alikwenda barazani kwa Bi Sikudhani. Nilikuwa nimemsindikiza, kubeba kopo. Nilibaki nje ya wigo, kwa sababu sikuwa na uso wa kuingia.

"Hodi hapa."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimetumwa kujua jambo lililo wazi, na silijui."

Bi Sikudhani hakuinua macho kutoka kwenye redio. "Si wanaye Wastani wao. Wamuulize."

"Wastani hafungwi. Tunafungwa sisi."

Nilimwona akiiweka redio kando, akachukua kopo, akachomoa bisibisi mfukoni. Alifundisha kwa hasira, kila neno likitoka peke yake.

"Kushoto inapungua. Kulia inazidi. Mtu yeyote akija akakwambia ongeza, usimsikilize, hata akiwa na tai. Kitazame kioo. Kionje, kama mchuzi. Mkono wako utajua."

"Na nikiona imezidi kabisa?"

"Mpishi ni wewe, mama."

Mama Nyamizi akaligeuzageuza kopo. "Na wakituuliza nani alifikiria jambo hili?"

"Semeni kweli tu," alisema Bi Sikudhani, akairudia redio yake.

Mama Nyamizi aliwafundisha wapishi kumi. Kumi wakawafundisha mia. Kufikia sikukuu, wapishi wote wa nchi walijua kazi ambayo Shirika zima halikuijua.

*

Sikukuu ya Sura huadhimishwa saa sita mchana, jua likiwa utosini, raia wakiwa wamepangwa kwa ngazi za mishahara, bendera mkononi. Sisi wa mahakama tulikuwa safu ya tisa. Juu yetu, Baba Mwangaza alikuwa kijani kama mchicha, masharubu yamemfunika macho. Bendi ilikuwa inapiga.

Mama Nyamizi alipanda ngazi na aproni yake. Akafungua kopo, akarudisha kichwa nyuma, akaitazama ile sura kwa muda, midomo ameibana.

"Imezidi," akasema kwa sauti, akazungusha bisibisi kushoto.

Ukijani ukaondoka. Masharubu yakashuka mahali pake. Baba akawa mweusi, mwenye afya, vizuri kabisa, na Waziri akaanza kupiga makofi. Mama Nyamizi alitazama tena, akatikisa kichwa.

"Bado imezidi."

Akazungusha. Mashavu yakaingia kivuli, macho yakafifia. Waziri alisimamisha makofi mikono ikiwa hewani. "Mama, inatosha! Ongeza! Ongeza!" Lakini Waziri alikuwa amevaa tai. Bisibisi ilizidi kwenda kushoto, taratibu, paji la uso likazima, kidevu kikazima, na masharubu ndiyo yaliyokuwa ya mwisho kuondoka. Tulikuja kujua baadaye kwamba saa ile ile, katika njia panda zote mia nne, wapishi walionja wakakuta imezidi.

Neno letu kioo lina maana mbili, na kwa miaka kumi na minane tulikuwa tumeisahau moja. Kile kidude kilipozima kabisa kikabaki cheusi, kinang'aa kwa jua, na ndani yake tukajiona. Tulikuwa wengi sana, wembamba, tumejipanga vizuri. Mwanamke mmoja wa safu ya kumi na nne alijiona, akaweka bendera chini ili afunge vizuri kilemba chake. Wengine nao wakaziweka chini. Nilijitafuta katika safu ya tisa nikajipata, na uso niliouona ulikuwa wa mtu anayefuta vumbi kwenye mashine.

*

Walikamatwa wote elfu moja na mia mbili. Polisi hawakuwa na wachapaji wa kutosha, wakaniazima kwa wiki tatu. Fomu ya maelezo ilikuwa na swali moja tu, "jambo hili nani alilifikiria?", na wapishi waliingizwa mmoja mmoja.

"Jambo hili nani alilifikiria?" Inspekta alimuuliza Mama Nyamizi.

"Sikudhani, afande."

"Hukudhani. Sawa. Mwingine!"

"Nani alilifikiria?"

"Sikudhani."

"Mwingine!"

Walisema hivyo wote, wazee kwa vijana, wengine kwa woga, wengine wakijibana wasicheke. Inspekta aliandika ripoti kwamba watu elfu moja na mia mbili wamehojiwa na hakuna hata mmoja aliyedhani. Wizara ilifurahi sana, maana jambo lililo wazi halina mwanzilishi, na lisilo na mwanzilishi halina mshtakiwa. Jaji Mbwele alikuwa amekwisha amua hivyo. Wakaachiwa. Aliyefungwa ni mmoja tu, Bwana Wastani, ambaye aliitwa kama shahidi, akaulizwa swali lile lile, na kwa mazoea akajibu, "Hata mimi ningefikiria."

Maelezo ya polisi huletwa masjala ya mahakama yetu kuhifadhiwa milele. Kabla ya hapo hukaguliwa na karani wa kumbukumbu. Niliyakagua yote, sikuona kosa.

Alhamisi moja Bi Sikudhani alikuja masjala kuomba nakala ya hukumu yake. Nilimpa kiti. Badala ya hukumu nikamwekea mezani jalada la kwanza la maelezo. Akasoma ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili, akafunua wa tatu, kisha akaweka kidole juu ya karatasi.

"Karani, hii S ni kubwa."

"Ndiyo, fundi."

"Hii pia. Na hii." Alifunua kurasa kwa haraka, kisha taratibu. "Kurasa zote?"

"Elfu moja na mia mbili."

Alirudi ukurasa wa kwanza akaanza kusoma upya, mmoja baada ya mwingine, midomo ikitembea, ingawa kila ukurasa ulikuwa na jibu lile lile moja. Badala ya kumwomba radhi, nikasema uongo wa kiofisi.

"Ni mashine yangu, fundi. S ndogo imevunjika."

Aliitazama mashine, akanitazama mimi, akachomoa bisibisi mfukoni. "Nikutazamie?"

"Hapana," nikamwambia. "Iache hivyo hivyo."